Kuku wa Kukaanga Nyumbani: Kuanzia Chumvi ya Usiku Hadi Mlio wa Mafuta

Ukimng'ata kuku wa kukaanga ukakuta ladha imeishia kwenye ganda, ujue kosa lilifanyika jana yake. Kuku hakulazwa na chumvi. Mpishi alimpaka viungo dakika kumi kabla ya kukaanga, akamgaragaza kwenye unga, akamtumbukiza. Unga umeiva, rangi imekubali, lakini nyama ya ndani ni chapwa, na ukifika karibu na mfupa ni kama unatafuna pamba.

Nimekaanga kuku wa familia, wa Idi na wa shughuli za mtaani, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini jambo hili moja: kazi ya mafuta ni kuivisha na kukausha. Ladha inaingia kabla, kwa chumvi na kwa muda. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza usiku wa kuamkia siku ya kula. Ni wa kuku mmoja, watu wanne au watano, kwa vyombo vya kawaida: sufuria nzito yenye kina au karai, chujio pana, koleo na jiko lolote ulilonalo.

Mahitaji

- Kuku wa kisasa 1, kilo 1.2 hivi akiwa amenyonyolewa na kutolewa matumbo
- Chumvi laini vijiko 3 vya chai vilivyosawazishwa (takriban gramu 18), na kijiko 1 zaidi cha kutia kwenye unga
- Kitunguu saumu punje 6, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba
- Maziwa mtindi kikombe 1
- Pilipili manga kijiko 1 cha chai, bizari nyembamba iliyosagwa nusu kijiko, pilipili ya unga kwa kiasi chako
- Unga wa ngano vikombe 2, unga wa mchele nusu kikombe, beking pauda kijiko 1 cha chai
- Mafuta ya kula yaliyosafishwa, lita 1 hadi 1.5
- Ndimu, za mezani

Kuchagua na kukata

Usivutwe na kuku mkubwa. Akizidi kilo 1.5 vipande vyake vinakuwa vinene mno: ganda linakuwa jeusi wakati mfupa bado haujapata moto. Kuku wa kisasa wa kawaida huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, nyama yake ni laini, na ndiye anayefaa kwa njia hii ya kumkaanga akiwa mbichi. Wa kienyeji ana njia yake, nitaieleza baadaye.

Kama umechinjiwa sokoni asubuhi, usikimbilie kumkaanga saa hiyohiyo. Misuli ya kuku hukakamaa baada ya kuchinjwa na huhitaji saa kadhaa kulegea. Wengi wanaolalamika kwamba kuku wa sokoni ni mgumu kuliko wa friji la dukani, hii ndiyo sababu yao. Akilala usiku mmoja kwenye friji, tatizo hilo linajiondokea lenyewe.

Mkate vipande kumi. Mapaja mawili kila moja ligawanywe kwenye kiungo, upate vinne. Vipapatio viwili. Kidari kigawanywe kwa urefu, kisha kila nusu ikatwe katikati kwa upana, navyo vinne. Mgongo na shingo weka kando kwa supu. Firigisi pia, maana ina mwenyewe nyumbani na kila mtu anamjua.

Kisu kipite kwenye kiungo, si kwenye mfupa. Kunja paja hadi utambue linapojipinda, kata hapo. Kisu kitapita kama kwenye siagi. Ukipasua mfupa kwa panga unaacha vipande vidogo vya mfupa ndani ya nyama, na mtoto ndiye atakayeviona kwanza.

Suala la kuosha

Sisi tumelelewa kuosha kuku kwa maji na ndimu hadi maji yawe meupe. Ukweli ni kwamba maji hayaui vijidudu vilivyo kwenye kuku mbichi, na bomba likifunguliwa kwa nguvu yanarusha matone kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye kachumbari uliyokwisha kukata. Moto ndio unaoua. Kama kuku ana damu na manyoya na roho yako haitatulia bila kumwosha, fanya hivyo ndani ya beseni lenye maji yaliyotulia, mbali na vyakula vingine, mwaga taratibu, kisha osha beseni, sinki, ubao na mikono kwa sabuni.

Baada ya hapo, mkaushe kabisa. Chukua kitambaa safi au karatasi za jikoni, pangusa kila kipande hadi mkono ukigusa ngozi usiteleze. Kitambaa kiende moja kwa moja kwenye maji ya moto na sabuni.

Chumvi ya usiku

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako wote.

Chanja kila paja mara mbili hadi kisu kiguse mfupa, na vidari mara moja juujuu. Nyunyiza vile vijiko vitatu vya chumvi kutoka juu, mkono ukiwa umeinuka, ili isianguke kwa mafungu. Paka pia ndani ya chale na chini ya ngozi ya mapaja, ambako kidole kinaingia bila shida.

Kaa umtazame kwa dakika kumi. Ngozi iliyokuwa kavu itaanza kutoa jasho, matone madogo madogo, kisha maji yatajikusanya chini ya bakuli. Ukimkaanga wakati huu utakuwa umechagua saa mbaya kuliko zote, kwa sababu chumvi imevuta maji nje na bado haijaingia. Mwache. Baada ya saa moja au mbili maji yale, sasa yakiwa na chumvi, yanaanza kurudi ndani ya nyama, na chumvi inaibadilisha nyama ili ishike maji yake hata ikipata moto. Ndiyo maana kuku aliyelala na chumvi hakauki kidarini.

Saa nne zinatosha kwa haraka. Usiku mzima ndio bora. Mweke sehemu ya chini kabisa ya friji ili maji yake yasidondokee chakula kingine.

Usiye na friji, fanya hivi: chale ziwe nyingi zaidi, chumvi na viungo vipakwe pamoja, na kuku akae mahali penye kivuli akiwa amefunikwa kwa saa moja, isizidi. Kwenye joto la Dar au Mombasa nyama mbichi haina subira.

Viungo na mtindi

Asubuhi, au saa tatu nne kabla ya kukaanga, twanga kitunguu saumu na tangawizi kwenye kinu hadi vilainike kabisa. Vipande vikubwa vya kitunguu saumu ni adui: vinabaki kwenye ngozi, vinaungua kwenye mafuta na kuacha uchungu unaosambaa kwa kuku wote. Mimi hukamua mchanganyiko huo kwenye chujio la chai na kutumia maji yake pekee. Changanya na mtindi, pilipili manga, bizari na pilipili ya unga, mimina juu ya kuku, geuza kila kipande, rudisha kwenye friji. Chumvi usiongeze, ile ya jana inatosha.

Kwa nini mtindi na si ndimu? Ukali wa ndimu unaipika nyama juu kabla ya moto. Mlaze kuku na ndimu nyingi usiku kucha, kisha mtazame asubuhi: amekuwa mweupe kama aliyechemshwa, na akishakaangwa nyama ya juu inavunjika kama chaki. Uchachu wa mtindi ni wa taratibu, unalainisha bila kuharibu, na utandu wake ndio utakaoshika unga. Kenya watasema mala, nao ni uleule kwa kazi hii. Harufu ya ndimu naipenda sana, ila naikamulia mezani, juu ya kuku wa moto.

Sukari na asali ziache nje ya mchanganyiko huu. Kuku anahitaji dakika kumi hivi au zaidi kwenye mafuta, na sukari itakuwa imeshaungua zamani.

Unga

Changanya unga wa ngano, unga wa mchele, beking pauda, kijiko kimoja cha chumvi na pilipili manga kidogo. Unga wa mchele ndio siri ya ganda linalovunjika kwa mlio. Wa ngano peke yake hupata ukakasi kisha hulegea mapema. Unga wa mchele uliobaki baada ya vitumbua unatosha kabisa. Kornfulawa pia inafaa kwa kipimo hichohicho.

Sasa chota vijiko vitatu vya ule mtindi wa kuku, nyunyizia kwenye unga, sugua kwa vidole hadi utokee na chengachenga ndogo. Chenga hizo ndizo zitakazokuwa magamba ya juu.

Toa kipande kwenye mtindi, acha kidondoke, kiweke kwenye unga, kifukie, kisha kibonyeze kwa kiganja kwa nguvu kila upande. Usiogope kukiumiza. Kung'uta kidogo, panga juu ya chujio au waya bila kubanana. Viache dakika 20. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa ganda likivuka na kubaki kwenye sufuria. Utaona unga mkavu mweupe ukigeuka rangi na kuwa kama tope jepesi, umeshikamana na ngozi. Sehemu iliyobaki nyeupe, irudishie unga kidogo na ubonyeze tena. Dakika hizo pia zinampunguzia kuku ubaridi wa friji, ambao ungepoza mafuta ghafla.

Mafuta na moto

Tumia mafuta yaliyosafishwa, ya alizeti au mengine yasiyo na harufu. Alizeti ya kukamua mashineni, ile ya Singida inayouzwa kwenye madumu, ni tamu sana kwenye mboga, lakini kama haijasafishwa hutoa moshi na povu mapema kwenye moto wa kukaangia.

Mimina hadi kina cha sentimita tano au sita, na yasipite nusu ya sufuria, kwa sababu yatapanda kuku akiingia. Sufuria iwe nzito. Ile nyembamba inapoteza joto mara kipande cha kwanza kikiingia, na kuku anaanza kunywa mafuta.

Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 175 za Selsiasi. Asiye nacho achukue kipande cha mkate cha ukubwa wa sentimita mbili: kikipata rangi ya dhahabu kwa dakika moja hivi, mafuta yako tayari. Kikiwa cheusi kabla ya nusu dakika, punguza moto na usubiri. Mafuta yakifuka moshi yamepita kiasi.

Kwenye gesi ni suala la kugeuza kitufe. Kwenye jiko la mkaa, panga makaa yawe mengi upande mmoja. Moto ukizidi, sogeza sufuria upande wenye makaa machache au fukia makaa kwa majivu. Ukipungua, irudishe taratibu. Usipepee wakati sufuria iko juu, cheche na mafuta havikai pamoja.

Neno moja kuhusu usalama, na tafadhali lishike. Mafuta yakiwaka, usimwagie maji hata kidogo. Maji yanageuka mvuke papo hapo na kurusha moto hadi darini. Zima gesi, funika sufuria kwa mfuniko wa chuma, usiisogeze, acha ipoe. Kwa hiyo mfuniko uwe pembeni tangu mwanzo, mpini wa sufuria uangalie ukutani, na watoto wakae sebuleni.

Kukaanga kwa masikio

Anza na mapaja, vipande vinne au vitano tu, upande wenye ngozi ukiwa chini. Viteremshe kwa kuvilaza kuelekea mbali nawe ili mafuta yasikurukie. Joto litashuka hadi nyuzi 150 hivi, nalo ni jambo jema: likae kati ya 150 na 160 muda wote. Usiguse chochote dakika tatu za mwanzo. Ganda bado ni bichi na koleo litalivua.

Kisha sikiliza. Kuku akiingia mlio ni mkubwa, kama mvua ya ghafla kwenye bati. Huo ni mlio wa maji yanayotoka kwenye nyama na unga kwa kugeuka mvuke, na mvuke ukitoka kwa kasi mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Mlio ukiwa dhaifu tangu mwanzo, mafuta ni ya baridi. Ukiwa mkali na viputo vinarukaruka kwa hasira, moto umezidi. Kadiri dakika zinavyokwenda, mvua inapungua, viputo vinakuwa vichache, na mwisho unasikia manyunyu tu. Hapo maji ya ganda yamekwisha na kuku anakaribia. Mama yangu alikuwa akikaanga huku amegeukia mbele akichambua mchele, na alijua saa ya kugeuza bila kutazama. Nilidhani ni kipaji. Ilikuwa ni mlio huu.

Geuza katikati ya safari. Kwa makadirio, mapaja huchukua dakika 13 hadi 15, vidari 10 hadi 12, vipapatio 8 hadi 10. Makadirio hayo hayakupi ruhusa ya kuacha kupima. Sehemu nene kabisa, karibu na mfupa bila kuugusa, inatakiwa ifike nyuzi 74. Mapaja mimi huyapeleka zaidi ya 80, kwa sababu mishipa yake myeupe huyeyuka huko na nyama kuachia mfupa.

Bila kipimajoto, choma paja kwa kisu chembamba hadi mfupani: maji yatoke maangavu, na nyama iwe imeacha kung'aa na iachie mfupa kwa urahisi. Rangi peke yake inaweza kukudanganya. Mifupa ya kuku wa wiki sita haijakomaa, uboho hupenya na kuacha wekundu kwenye kiungo hata kama nyama imeiva, hasa kuku akiwa ametoka kwenye barafu. Ukiwa na shaka, mrudishe. Niliwahi kumpa mgeni paja zuri la rangi ya dhahabu, akalifungua, likawa bichi mfupani mbele ya watu wote. Sijasahau uso wake, na tangu siku hiyo paja nene kuliko yote nalipasua mwenyewe jikoni kwanza.

Kila awamu ikitoka, okota chenga zilizobaki kwa chujio dogo, na yaache mafuta yarudi nyuzi 175 kabla ya kutia nyingine.

Pa kumpumzishia

Kuku akitoka, mweke juu ya waya au chujio pana lenye sinia chini, hewa impite pande zote. Gazeti halifai: wino wake si wa kula, na upande uliolala juu ya karatasi unalowa kwa mvuke wake mwenyewe. Hotpoti nayo ndiyo inayoua kazi yote. Ukimfunika kuku wa moto humo, baada ya dakika kumi ganda lote limekuwa kama chapati iliyolala.

Kama wageni wanachelewa, kuna njia nzuri zaidi. Mkaange kuku wote hadi waive, waache kwenye waya. Wageni wakishanawa, pasha mafuta hadi nyuzi 185 na uwarudishe dakika moja na nusu tu. Ganda linakauka mara ya pili na kuvunjika kuliko hata lilipotoka mara ya kwanza.

Akiwa ni wa kienyeji

Jogoo wa kienyeji aliyetembea uani miezi mingi hatalainika kwenye mafuta kwa dakika 15. Huyu huchemshwa kwanza. Mkate, mtie kwenye sufuria na chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na maji ya kumfunika, moto mdogo, hadi uma uingie kwenye paja bila kusukuma. Wengine ni dakika 45, jogoo mzee anaweza kufika saa moja na nusu. Kwenye baadhi ya nyumba hupakwa papai bichi lililotwangwa kabla ya kuchemshwa, na linasaidia kweli, ila kijiko kimoja cha chai kwa kilo na kwa nusu saa tu. Likizidi nyama inakuwa uji.

Supu hiyo usiimwage, inywe kwa ndimu na pilipili. Kuku mtoe, mwache apoe na kukauka kabisa juu ya waya, kisha mkaange bila unga, mafuta ya moto, dakika tano au sita hadi ngozi iwe ya kahawia. Ladha yake ni nzito kuliko ya kisasa na haihitaji ganda. Mimi ningemla huyu kila wiki kama bei ingeniruhusu.

Chachandu ya ukwaju

Loweka ukwaju kiasi cha ngumi ya mtoto kwenye kikombe cha maji ya moto, ukamue, uchuje. Chemsha pamoja na nyanya mbili zilizosagwa, pilipili mbuzi moja, kitunguu saumu punje mbili, chumvi na kijiko kimoja cha sukari hadi iwe nzito ya kushika kijiko. Sukari hapa ni halali, haiendi kwenye mafuta. Kachumbari ikatwe dakika za mwisho, isije ikatoa maji.

Mafuta yaliyobaki

Yaache yapoe kabisa, yachuje kwa kitambaa safi, yatie kwenye chupa yenye mfuniko na uiweke kabatini mbali na mwanga. Yanaweza kukaanga kuku mara mbili au tatu zaidi. Yakiwa meusi, yakitoa povu kabla ya kitu kuingia, au yakianza kunuka kama rangi ya mafuta, muda wake umekwisha. Yatie kwenye chupa kuukuu, funga, tupa pamoja na taka. Kwenye sinki yatanata ndani ya bomba na kuliziba.

Na kuku aliyebaki hadi kesho, kama yupo, mpashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ukimgeuzageuza, hadi usikie tena ule mlio mdogo wa manyunyu.